Hii Siyo Sukari

Shangazi alipiga simu usiku, nikiwa nimeshapanda kitandani bwenini Morogoro. Hakusalimia sana. "Babu yako amepimwa, ana sukari," alisema. Kabla sijajibu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekutuliza, "Lakini usiwe na wasiwasi mwanangu. Ameacha kabisa. Hata kwenye chai hatii. Siku hizi anatumia guru tu."

Nilicheka. Halafu nikakaa, nikawasha taa, nikamuuliza anatumia guru kiasi gani. Shangazi akasema hajui, lakini kwenye uji anaweka, kwenye chai anaweka, na akishakula anakula kipande chake kama kawaida. "Si ndiyo dawa?" akauliza.

Nilikuwa mwaka wa tatu Sokoine, nasoma lishe. Nilikuwa nimejaza daftari zima kuhusu wanga na vimeng'enya. Sikujua namna ya kumwambia Shangazi kwamba Babu amehama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Kwa asiyeijua, sukari guru ni ile sukari ya madonge, ya rangi ya kichuguu kilicholowa mvua, inayouzwa sokoni ikiwa imefungwa kwa majani makavu ya migomba au imetupwa tu ndani ya gunia. Nyuki huifuata hata ukiifunika. Ukiiweka mdomoni haiyeyuki upesi kama sukari ya dukani, inang'ang'ania, na chini ya utamu kuna kitu kama chumvi na moshi. Nyingi tuliyokula sisi ilitoka ng'ambo ya Sirari, kwenye mashine za miwa za upande wa Kenya.

Mtu wa mbali akisikia jina la Buhemba hukumbuka dhahabu. Hukumbuka mgodi wa zamani, au Meremeta, kampuni iliyochimba kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye ikawa gumzo bungeni. Wanaopita leo wanaona wachimbaji wadogo, maduara, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa na vumbi jeupe juu ya kila kitu. Mimi nikisikia Buhemba nakumbuka mkebe.

Mkebe ulikaa chini ya kiti cha Babu. Tukimaliza kula, ugali wa mtama na dagaa, au sato siku ambayo kuna aliyetoka Musoma, Babu alinawa, akaukung'uta mkono, akauvuta mkebe. Ndani yake kulikuwa na donge la guru na nyundo ndogo. Aligonga mara moja, mara mbili, vikaruka vipande. Kila mtu alipata kimoja, cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Alianza na mgeni, kama yupo, kisha Bibi, kisha watoto kuanzia mdogo, na mwisho yeye mwenyewe. Alikiweka kipande katikati ya kiganja chako, akakifunga kiganja kwa vidole vyake, akakibana kidogo. "Chakula kimefungwa," alisema. Baada ya hapo hakuna aliyekula kitu tena, hata ukilia.

Hakuna aliyewahi kupata viwili. Siku ambazo Babu na Bibi walikuwa hawasemezani, na zilikuwapo nyingi, kipande cha Bibi kilitoka kikubwa kuliko vyetu. Babu hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa mdomo. Bibi alikiangalia, akakitafuna, na kesho yake walikuwa wanaongea.

Nilidhani ni desturi yetu Wazanaki. Nilikuwa sekondari nilipokwenda kulala kwa rafiki yangu, kijiji cha jirani, nikabaki nimekaa baada ya kula nikisubiri. Walinawa, wakaondoka mmoja mmoja. Mama yake akaniuliza kama sijashiba.

Nilipomuuliza Babu, akaniambia ameitoa Musoma, kwa Mhindi.

Alikwenda mjini akiwa kijana, karibu na Uhuru, akapata kazi kwenye duka la vitambaa na vyakula. Mwenye duka alikuwa Mgujarati. Babu alimwita Bhai, na mpaka leo simjui kwa jina jingine. Wahindi wa kanda ya ziwa wengi walikuwa na asili ya Gujarat na Kachchh, na miwa ilifuatana nao. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, baadhi yao walipata mashamba Kibos wakalima miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya, Miwani, kilianza mwaka 1922, na upande wa Uganda Nanji Kalidas Mehta akaanzisha chake Lugazi mwaka 1924. Lakini guru haihitaji kiwanda. Inahitaji mashine ya kukamulia, karai pana, kuni na mtu mwenye macho. Unakamua miwa, unachemsha maji yake, unaengua povu chafu linalopanda, unakoroga mpaka iwe nzito kama uji uliokaza, unaimimina, inaganda. Miwa kilo kumi inakupa guru kilo moja hivi. Tofauti kubwa na sukari nyeupe ni kwamba guru haizungushwi kwenye mashine ya kutenganisha molasi. Kila kilichokuwamo kimebaki humo.

Wahindi wa Kaskazini huiita gur, na hapo ndipo Kiswahili kilipochukua jina. Wagujarati husema gol. Halina uhusiano na guru yule mwalimu, ingawa nilipokutana na neno hilo la pili nikiwa kidato cha pili nilifurahi sana. Sisi ni watu wa wilaya ya Butiama. Nilijiambia kumbe tunakula sukari ya Mwalimu.

Katika nyumba nyingi za Kihindi kipande cha guru baada ya mlo ni kawaida, wakati mwingine pamoja na mbegu za shamari. Tiba yao ya jadi, Ayurveda, inasema husaidia chakula kushuka. Si kitu cha tumboni peke yake. Wagujarati wakikubaliana uchumba, familia mbili hugawana guru na mbegu za giligilani, na shughuli yenyewe huitwa gol dhana, yaani guru na giligilani. Tarehe 14 Januari, wakati anga ya Ahmedabad imejaa tiara, watu hula vitamu vya ufuta na guru. Ukiwahi kula kashata ya karanga iliyopikwa kwa guru, umekula ndugu wa karibu wa chikki yao.

Duka la Bhai lilifungwa saa saba mchana. Mke wa Bhai alimpa Babu chakula, na Babu alikula ngazini, mlango wa nyuma. Alipomaliza, yule mama alitoka na kipande cha guru. Hakumpa mkononi. Babu alikinga kiganja, mama akakiangusha kutoka juu, vidole visigusane.

Babu aliponisimulia alionyesha kwa mikono yote miwili, mmoja juu, mmoja chini, na nafasi kati yake. Hakuwa na hasira. Nilimuuliza kama ilimuuma.

"Ilikuwa tamu," akasema.

Miaka kumi alikula pale ngazini. Bhai alimfundisha kupima vitambaa, kuandika daftari la madeni, na kuchagua guru. Nzuri hukatika kwa sauti, alisema. Ikinyooka kama ulimbo ina maji. Ikiwa nyeusi sana na ina uchungu, mpishi alisinzia motoni. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na Wahindi wengi wa mijini wakaanza kuondoka nchini. Bhai naye alifunga duka, akaenda Uingereza na familia yake. Babu ni mtu wa Mwalimu hadi leo, picha iko ukutani, na kuhusu mwaka ule hajawahi kuniambia zaidi ya kwamba alirudi Buhemba kwa miguu sehemu ya njia, akiwa na mkebe na donge moja ndani yake. Alikuwa akivunja baada ya kula. Alipooa, akavunja viwili.

Mimi sikusubiri likizo. Niliazima mashine ya kupimia sukari kwa rafiki yangu, nikanunua pakiti ya vipimo, nikapanda basi. Ni safari ya kuchosha. Nilishuka Makutano Juu miguu ikiwa imevimba, nikachukua pikipiki mpaka nyumbani kupitia Butiama.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kuniona nikifa?"

"Mwache apumzike," Bibi alisema kutoka jikoni. "Huyu mke mwenzangu hata hajanawa."

Alikuwa amekonda. Kwenye mguu wa kushoto, juu ya kisigino, palikuwa na kidonda cha kiatu ambacho Bibi alisema kina wiki sita. Nilimuuliza daktari alisema nini. Babu akanijibu neno kwa neno, kwa sababu ni mtu wa kushika maagizo: katika zahanati aliyopita walimpa vidonge, wakamwambia aache sukari nyeupe. Basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Naye alikuwa ameacha. Alitii kwa nidhamu ambayo wagonjwa wengi hawana. Sukari nyeupe haikuingia tena nyumbani. Kwa kuwa sasa alikuwa na ruhusa, guru ikatoka kwenye mkebe ikaingia kwenye sufuria. Uji wa asubuhi ulipikwa nayo. Chai ya saa nne, chai ya jioni. Donge lililokuwa likimaliza miezi miwili sasa lilimaliza wiki.

Kitaalamu jambo lenyewe ni fupi. Guru ni sukari. Sehemu yake kubwa ni sukrosi, ile ile ya kwenye pakiti, na inayobaki ni glukosi na fruktosi, maji kidogo na madini. Gramu 100 zinabeba takribani kilokalori 380, karibu sawa na sukari nyeupe. Ikifika tumboni, mwili haujui kama ilitoka kwenye karai au kiwandani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Nilipima vijiko vya Bibi kwenye uji wa Babu. Alikuwa amevuka hapo kabla ya saa mbili asubuhi.

Asubuhi ya kwanza nilimchoma kidole akiwa hajala kitu. Ikasoma 13.2. Nikamweleza kwamba kuanzia 7 kwa mtu ambaye hajala usiku kucha tunaiita kisukari. Akanywa uji wake. Saa mbili baadaye nikamchoma tena, ikasoma 19.6.

Aliangalia kile kioo kidogo muda mrefu. Babu ameandika madaftari ya madeni miaka kumi, hawezi kudanganywa na namba.

"Mashine yako inapima sukari?" akauliza.

"Ndiyo, Babu."

"Basi imekosea. Hii siyo sukari. Ni guru."

Nilikuwa nimechoka, na nikasema jambo ambalo nalijutia. Nilisema, "Babu, hiyo guru ni ile ile wanayopikia gongo." Lazima nieleze kwa nini hilo lilikuwa baya. Kwetu, mtu akibeba guru ya gunia hafikiriwi kwamba ana wajukuu wengi. Guru inachachuka vizuri na ni rahisi, na wapika gongo ndio wateja wake wakubwa. Pombe ile imekatazwa na sheria, wala haiachi kupikwa, hasa palipo na machimbo na vijana wenye hela ya leo. Babu aliwahi kusimamishwa barabarani akiwa na donge lake moja, akaulizwa mtambo uko wapi. Mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Aibu ile aliibeba miaka, na mimi nikaitoa na kumwekea mezani, mbele ya Bibi.

Hakusema kitu. Mchana tulikula, akanawa. Mkebe haukutoka. Watoto wa Shangazi walikaa wakisubiri, kisha mdogo kabisa akaanza kulia, na Babu akanyanyuka akaenda kukaa chini ya mwembe.

Jioni Shangazi alikuja na ugomvi wake mwingine. Binti yake alikuwa mjamzito wa miezi sita, na kliniki walimwambia damu ni kidogo. Wanawake wa jirani walimshauri guru, kwa sababu guru inaongeza damu, kila mtu anajua. Alikuwa akiiweka kwenye chai ya rangi, vikombe vitatu kwa siku, na vidonge vya kliniki aliviacha kwa kuwa vinamchafua tumbo. "Na hiyo nayo utaikataza?" Shangazi aliuliza.

Hapa kuna ukweli, ndiyo maana ni kugumu. Guru ina madini ya chuma, na sukari nyeupe haina karibu chochote. Viwango vinavyotajwa vinatofautiana sana, kuanzia chini ya miligramu 5 hadi 11 kwa gramu 100. Nikachukua ile ya juu, ili nisimwonee mtu. Nikachora hesabu chini kwa kijiti. Kidonge kimoja cha miligramu 60 za chuma ni sawa na zaidi ya nusu kilo ya guru. Kila siku. Hiyo ni zaidi ya kilokalori 2,000, mlo mzima wa siku moja, kabla hajala ugali. Na chai yenyewe inazuia chuma kinachotoka kwenye mimea kisifyonzwe vizuri. Binti alikuwa akitia chuma kidogo kwa mkono mmoja na kukizuia kwa mkono mwingine. Nikamwambia anywe kidonge baada ya kula kama kinamsumbua, chai aiweke mbali na chakula, dagaa asiache, na akipata chungwa au ndimu vizuri zaidi. Alirudia vidonge wiki ile. Nilifurahi, lakini nilijua amenisikiliza kwa sababu sikumnyang'anya kitu.

Usiku ule nililala nikiufikiria mkebe, na nikaona nilichokuwa nimekikosa kwenye madaftari yangu yote. Kipande kile cha ukucha nilikipima baadaye, gramu tano. Kilokalori chini ya 20. Miaka yote hiyo Babu hakuwa mlaji wa sukari. Kilikuja mara moja, mwisho wa mlo, baada ya mikono kunawiwa, kwa zamu, kutoka kwenye mkono wa mtu mmoja, na baada yake mlango ulifungwa. Ni sisi, kwa sifa zetu za "ya asili" na "haina kemikali", tulioitoa mahali pake ikawa dawa. Dawa haina zamu. Nawaona sasa hata mjini, guru ikiuzwa kwenye vifungashio vizuri kwa bei mara tatu, wenzangu wa chuo wakiitia kwenye kahawa kwa moyo mweupe.

Asubuhi nilimfuata chini ya mwembe. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi kwa neno la gongo. Akasema, "Nimelisahau," maana yake hajalisahau.

Nikamwambia simtaki aache mkebe. Nataka guru itoke kwenye uji na kwenye chai. Irudi chini ya kiti.

"Na changu?"

Hilo sikuwa na haki ya kulijibu peke yangu. Nilimpeleka Musoma, tukapata daktari aliyekuwa na muda. Alisafisha kidonda, akabadilisha dozi, akamwonyesha kwa ngumi yake ugali uwe kiasi gani. Babu akamuuliza kuhusu kipande. Daktari akauliza ni kikubwa kiasi gani, na Babu akatoa kidole gumba. Wakajadiliana kama watu wa mnadani. Waliafikiana Jumapili, kimoja, baada ya chakula, ugali ukipunguzwa siku hiyo, na mpaka kidonda kipone hata hicho hapana.

Tulipotoka tulipita mtaa uliokuwa na duka la Bhai. Sasa wanauza simu. Babu alisimama, akaangalia pembeni kuelekea nyuma ya jengo, ambako palikuwa na ukuta. Kisha akauliza kama nina nauli.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kurudi chuo ilikuwa Alhamisi. Tulikula sato. Babu alinawa, akaukung'uta mkono, akavuta mkebe. Aligonga mara mbili. Akampa Bibi, akampa binti mjamzito, akawapa watoto kuanzia mdogo. Nami nikakinga kiganja, akakiweka, akakifunga na kukibana. Chake hakikuwepo. Alinitazama nikitafuna.

"Ikoje?" akauliza.

"Tamu."

"Najua ni tamu. Ikoje?"

Nikaisubiri iyeyuke. "Ina uchungu kidogo mwishoni. Kama moshi."

"Hiyo walichelewa kuitoa motoni," Babu alisema, akafunika mkebe. "Mwambie Shangazi yako asinunue tena kwa yule."